Mama mkwe hataki friji yake itoke jikoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya wakwe. Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, tumebaki mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Naomba unisaidie kukata shauri, maana humu ndani kila mtu ana lake.

Tuna friji ya milango miwili ambayo marehemu aliinunua mwaka 1999 kwa mafao yake alipostaafu bandarini. Ilikuwa friji ya maana, majirani walikuwa wanaleta maji yao yagandishwe kwetu. Sasa imechoka. Mlango wa chini haushiki mpaka tuufunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Inanguruma usiku kucha bila kupumzika na ubavuni ukiigusa ni moto. Kule juu inajaza barafu hadi trei haitoki, inabidi nichukue kisu nibandue, lakini huku chini maziwa hayafiki siku ya pili. Samaki nikinunua Deep Sea asubuhi, jioni wameshaanza kutoa harufu.

Fundi wetu kila akija anasema gesi imeisha. Anatia, anachukua elfu sabini, inapoa vizuri, baada ya miezi minne mitano tunarudi palepale. Safari hii kasema kompresa nayo imekwisha, tutafute laki mbili na nusu aweke nyingine. Umeme ndio usiseme. Natia wa elfu kumi haumalizi wiki, na hatuna kitu kikubwa zaidi ya hiyo friji, feni, TV, taa, na pasi ya mara mojamoja.

Friji hiyohiyo ndiyo inanipa hela ya mboga. Natengeneza barafu za ubuyu na ukwaju, wanafunzi wakitoka shule wanapita kununua. Ikigoma siku mbili, na mimi nimelala.

Mwezi ujao ni zamu yangu kwenye mchezo, napokea laki nane. Mume wangu anasema tuweke kompresa tu, kitu cha baba kisipotee. Mama mkwe hataki hata kusikia habari ya kununua. Anasema vya siku hizi ni plastiki tupu, havimalizi mwaka, na friji ile ikitoka na yeye atatoka nayo. Shemeji yangu aliyeko Unguja anasema kuna friji za mtumba kutoka Japani, safi kabisa, laki tatu, atatutumia kwa chombo. Dukani hapa mjini nimeona mpya ndogo ya milango miwili, laki sita na themanini.

Na si friji tu. Jiko letu la gesi la sahani mbili linatoa moto wa njano unaochafua masufuria, na mpira wake umeanza kuchanika pale unapoingia kwenye jiko, tumeuzungushia solotepu. Brenda nayo inazunguka huku chini lakini visu havizunguki. Laki nane haitoshi yote. Nianze na kipi? Na friji ya miaka yote hiyo inafaa kutengenezwa, au niizike tu?

Mkwe wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako umeijaza friji, halafu jambo la hatari umelitupia mwishoni kama salamu za majirani. Mpira wa gesi uliozungushiwa solotepu! Huo hausubiri mchezo. Ukimaliza kusoma hapa, funga valvu ya mtungi, na usiifungue mpaka mpira mpya uwe umefungwa. Siku mbili tatu za kupikia mkaa hazitakuua.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki ikatokea dirishani, inashuka, inatanda sakafuni, inaingia chini ya kabati na kukaa hapo ikingoja cheche. Tena umeniambia jikoni humohumo kuna friji inayonguruma usiku kucha, na ndani ya friji kuna swichi ya kuwasha na kuzima kompresa. Umeona nilipofika? Nunua mpira wa gesi hasa, ule uliochapishwa maandishi ubavuni, si bomba la plastiki la kumwagilia bustani, pamoja na vibano viwili vya chuma. Ukishafungwa, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua mtungi, uangalie kama povu linatoa mapovu mapya. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi anafanya hivyo mbele yako na kucheka. Na mpira wenyewe ubadilishe kila baada ya miaka mitano hivi hata kama unauona mzima, kwa sababu huzeeka na kukakamaa kwa ndani kabla nje hakujaonyesha kitu.

Jiko lenyewe liache. Moto wa njano maana yake mara nyingi ni vijitundu vya sahani vilivyozibwa na mafuta na mchuzi uliofurika. Toa vile vifuniko, viloweke kwenye maji ya moto na sabuni, zibua kwa sindano, kausha kabisa, rudisha. Moto ukirudi kuwa wa buluu, jiko lako lina maisha marefu tu.

Sasa friji.

Wewe unaniuliza kuhusu umri wake. Mimi nimesimama kwenye neno moja ulilolipitisha haraka: kisu.

Friji za aina yako, zile zinazogandisha barafu zenyewe kule juu, kuta za friza ni bati jembamba la aluminiamu, na gesi inapita humohumo ndani ya bati, kwenye vijia unavyoviona vimevimba. Ncha ya kisu ikiteleza mara moja tu inatosha. Tundu huwa dogo hata jicho halilioni, gesi inatoka polepole kwa wiki na miezi, na baada ya miezi minne mitano unamwita fundi. Sisemi nina hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako. Bomba la nyuma nalo laweza kuwa limeliwa na kutu, kwa chumvi hiyo ya bahari ya Tanga. Ila nina hakika na hili: gesi ya friji haiishi. Haichomwi kama ile ya mtungi. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa kabisa, na friji nzima yaweza kuzeeka hadi ikatupwa ikiwa na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inapotokea. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi minne ya ubaridi kwa elfu sabini. Simwiti mwizi, huenda ndivyo alivyofundishwa, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Hapo ndipo kompresa ya laki mbili na nusu inapoanguka. Gesi ikipungua sana, upande wa kunyonya wa kompresa hubaki na mvuto wa ndani, na lile tundu badala ya kutoa gesi linaingiza hewa. Hewa ya pwani ina unyevunyevu. Maji yakishachanganyika na oili ya kompresa, kompresa inakufa kifo cha taratibu. Ukiweka mpya na tundu lipo, hiyo mpya itafuata njia ya mwenzake. Mume wako akitaka kuendelea na wazo lake, amuulize fundi mambo haya kabla hajatoa hata senti: tundu liko wapi? Atabadilisha filta? Ana pampu ya kunyonya hewa yote kabla ya kutia gesi? Na anatia gesi gani? Hili la mwisho si dogo. Nyuma ya friji, karibu na kompresa, kuna kibandiko kinachotaja R12, R134a au R600a. Kila moja ina oili yake na kipimo chake, na R600a inawaka moto. Fundi akikujibu “ni gesi ya friji tu, mama,” mpe nauli arudi kwao. Ikikutwa ni R12, ambayo friji nyingi za zamani zilikuwa nayo, basi shauri limejikata lenyewe. Hiyo ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 hata nchi zetu zilifikia mwisho wa kuitumia mwaka 2010.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na vitu vya zamani. Friji kuukuu ikiharibika thamostati, au kile kidude cha kuwashia kompresa wanachokiita staata, au mpira wa mlango, tengeneza bila kufikiri mara mbili, hizo ni fedha ndogo. Mlango wenu kwa mfano: bana noti kwenye ukingo, funga, vuta. Ikitoka bila kukwama, mpira umekufa, na hewa ya jikoni inaingia usiku kucha. Barafu yote ile uliyokuwa unaibandua ni mvuke wa hewa hiyo umeganda. Ungekuwa mpira peke yake ningekwambia ubadilishe, tuendelee na maisha. Lakini kwenu kuna mlango, kuna gesi inayovuja, na kuna kompresa iliyokwisha, vyote kwa pamoja. Kuna mafundi hodari huacha lile bati lililotoboka na kuzungushia bomba jipya la shaba ndani ya friza, na linafanya kazi. Ongeza gharama hiyo juu ya kompresa, uone kama hujaivuka nusu ya bei ya friji mpya. Mimi nikiivuka nusu huwa nasimama.

Halafu kuna umeme, na hapa sitaki uniamini kwa maneno. Pima. Usiku wa kulala zima kila kitu, chomoa TV na chaji za simu, acha friji tu. Soma salio la uniti kwenye rimoti ya LUKU, ile mita ya kulipia kabla, saa nne usiku, soma tena saa kumi na mbili asubuhi. Kilichopungua kizidishe kwa tatu, ndicho inachokula kwa siku, na mchana itakuwa zaidi maana jua ni kali na watoto wanafungua mlango kila dakika. Tuseme umepata 0.8. Hiyo ni uniti 2.4 kwa siku, kwa mwezi uniti 72. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo friji peke yake inakula kama Sh25,700 kila mwezi. Friji ndogo mpya nzuri, hata kwa joto la Tanga, tuipe uniti 0.9 kwa siku: 27 kwa mwezi, chini ya elfu kumi. Kwa mwaka umeokoa kama Sh190,000. Jumlisha elfu sabini za gesi, hata ukizihesabu mara mbili tu kwa mwaka. Unafika Sh330,000. Ile ya laki sita na themanini inajirudisha kwa miaka miwili na kidogo, bado hatujahesabu samaki na maziwa uliyomwaga, wala siku ambazo barafu za ubuyu hazikuganda.

Matumizi ya nyumba nzima yakishuka yakakaa chini ya uniti 75 kwa mwezi, nenda TANESCO uulizie kundi la matumizi madogo, ambalo bei yake ya uniti ni ya chini sana. Elfu kumi isiyomaliza wiki maana yake sasa mnakula kama uniti nne kwa siku; friji ikipunguza moja na nusu, mpo karibu mno na mstari huo.

Kwa hiyo jibu langu ni nunua. Lakini si ile ya shemeji. Mshukuru sana, ana nia njema, ila Japani umeme wa majumbani ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, hata barafu ya kwanza hutaiona. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme iliyo kubwa vya kutosha, yenyewe ni pesa, inapata joto na inakula umeme wake saa zote. Na hata mtumba wa volti sawa na zetu unakuja na swali lilelile lililokuleta kwangu: umechoka kiasi gani? Unatoka kwenye friji ya mtu mwingine iliyochoka kwenda kwenye nyingine iliyochoka, tena hii hujui hata barafu yake ilikuwa inabanduliwa kwa kitu gani.

Dukani usikimbilie kufungua mlango na kuhesabu rafu. Tafuta kibandiko cha nyuma au cha ubavuni. Kuna herufi inayoonyesha friji imetengenezwa kwa hali ya hewa gani: N inahimili joto la hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Jikoni kwako Februari, na jiko linawaka, 32 mnaipita kabla ya adhuhuri. Chukua T. Nyingi ninazosikia zikilaaniwa kwamba “za siku hizi mbovu” zimeandikwa N na zimewekwa kwenye kona isiyopumua pembeni ya jiko. Angalia pia uniti inazokula kwa mwaka, gawa kwa 365, ongeza kidogo kwa sababu ya joto letu. Waombe waichomeke uisikie ikiwaka. Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri palepale. Bila hivyo, ikigoma mwezi wa tatu utageuzwa mgeni kwenye duka lililokuita dada. Ikifika nyumbani, kama ililazwa njiani isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, uiache mbali na ukuta kiganja kimoja, na mbali na jiko.

Usisahau fridge gadi. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inajaribu kuwaka wakati presha ya ndani bado haijatulia, na huo ndio unaozimaliza hizi mpya ndani ya mwaka kama anavyosema mama mkwe. Kidude hicho kinaisubirisha dakika chache. Kwa hilo mama hajakosea, ameona yaliyowapata wengine.

Kuhusu biashara yako, kama ingekuwa barafu tu ningekwambia ununue friza ya kulala, ile ya kufungulia juu. Ubaridi ni mzito, ukifungua mfuniko haumwagiki miguuni, na umeme ukikatika inashikilia muda mrefu zaidi. Lakini una maziwa ya watoto na samaki, kwa hiyo chukua milango miwili sasa, na faida ya barafu iweke pembeni kwa ajili ya hiyo friza. Safari hii barafu ikijaa, zima friji, acha milango wazi, weka sufuria la maji ya moto ndani, subiri. Kisu kikae kwenye vitunguu.

Tumalize la mama mkwe. Hili si lako kulisema. Mkwe hatoi kitu cha marehemu kwenye nyumba ya mama wa watu, hata awe na hesabu nzuri kiasi gani. Mpe mume wako karatasi yenye zile namba za LUKU, akae na mama yake wawili, tena siku ambayo maziwa yamechacha. Asianze na neno “mbovu”. Aseme friji ya baba imefanya kazi yake, sasa ipumzishwe na isitoke. Maana si lazima itoke. Ikizimwa na kukaushwa vizuri, ikafungwa mpira mpya wa mlango, ni kabati la unga na mchele ambalo panya na sisimizi hawalipati. Mama atapita kila siku, atalifungua, chake kipo.

Lakini sharti langu moja, na hili mwambie mumeo bila kupunguza neno: isiwekwe uani wala barazani, na ule ukanda wa baiskeli utoke. Watoto wanacheza kombolela. Mtoto akijificha ndani ya friji iliyozimwa na mlango ukashika, hewa haiingii na sauti haitoki, na kwa ndani hana nguvu ya kusukuma. Friji za zamani zenye kitasa cha kubana zimeua watoto kwa njia hiyo, hadi Marekani ikatunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Yenu ikiwa na kitasa, king'olewe. Ikishindikana, toeni mlango wote na muweke pazia.

Hesabu ya laki nane: friji laki sita na themanini, fridge gadi, nauli ya bajaji; mpira wa gesi utakuwa umeshaununua kabla ya mchezo. Kinachobaki ni kidogo, lakini brenda haitaki kikubwa. Inazunguka chini na visu vimetulia kwa sababu kile kigurudumu cha mpira kinachounganisha mota na jagi kimelika meno. Geuza jagi uangalie, utaona mpira umesagika. Kinauzwa peke yake kwenye maduka ya vipuri vya umeme; nenda na kile cha zamani mkononi mpime meno, wakikuambia lazima ununue brenda nzima, vuka uende duka la pili.

Shangazi